Amemeza sumu akapona: mbona wengi ni wanawake? Maswali na majibu

Kujidhuru kwa sumu ni nini hasa?

Ni pale mtu anapomeza makusudi dawa kupita kiasi au kemikali, halafu hafi. Wapo waliotaka kufa kweli, wapo waliotaka tu maumivu ya moyoni yanyamaze hata usiku mmoja, na wengi ukiwauliza baadae wanakwambia hata wao hawajui walikua wanataka nini. Kwahiyo ile ya kubishana kama alikua siriasi au la haisaidii kitu.

Ni kweli wanawake ni wengi zaidi?

Ndio, takwimu za hospitali za nchi nyingi zinaonyesha hivyo, hasa mabinti kuanzia balehe mpaka ishirini na kitu. Ila ukija kwenye vifo mambo yanageuka: duniani wanaume wanaokufa kwa kujiua ni karibia mara 2 ya wanawake. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 wanakufa hivyo kila mwaka, na waliojaribu wakabaki hai ni wengi kuliko hao kwa mbali sana.

Kwanini iwe hivyo?

Sio kwamba wanawake wana roho nyepesi, hilo tuliache kabisa. Angalia wanayopitia: kipigo na matusi ndani ya nyumba, kubakwa, kuchezewa utotoni, ugomvi na mume au wazazi na hana hela yake wala pa kukimbilia. Sonona nayo, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inawapata wao zaidi. Mwanaume naye anaumia ila tangu mdogo ameambiwa ajikaze, basi haongei, anaongeza pombe, madeni yanamlemea kimya kimya, na akifika mwisho mara nyingi anatumia njia isiyoacha nafasi ya kuokolewa.

Aliyepona si anatafuta kiki tu?

Hapana jamani, na hili linaniuma kila nikilisikia. Kupona hakupimi uchungu, kunategemea amemeza nini, amewahiwa saa ngapi, hospitali iko umbali gani. Mtu aliyewahi kujaribu ndio yuko kwenye hatari kubwa ya kuja kufa kwa kujiua, awe wa kike au wa kiume, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuruhusiwa. Sasa mwanamke anasemwa wodini kwamba anajidekeza, mwanaume anawekewa dripu anaruhusiwa bila mtu kumuuliza lolote, wote wawili wanarudi kwenye shida ileile.

Nikimkuta mtu amemeza nifanyeje?

Hospitali, muda huohuo, hata kama anaongea vizuri na anasema yuko poa. Kuna dawa za kawaida kabisa za maumivu ambazo siku ya kwanza hausikii kitu halafu ini linakuja kuharibika siku ya pili ya tatu, na tiba yake inataka kuwahi. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Kama amezimia ila anapumua mlaze kwa ubavu, beba na pakiti au kopo la alichomeza.

Kuna kinachopunguza haya?

Kipo. Wengi wanaamua ndani ya muda mfupi sana wakiwa wamevurugwa, kwahiyo kama sumu haiko karibu, ile hali inaweza kupita akiwa mzima. Sri Lanka walianza kupiga marufuku viuatilifu (sumu za kuua wadudu na magugu shambani) vikali zaidi miaka ya 1980 na 1990, na vifo vya kujiua vikashuka zaidi ya nusu. Nyumbani funga dawa kwa ufunguo. Na muulize mtu wako wazi wazi, "unafikiria kujiua?", swali hilo halimpandikizii wazo, linampa pa kutulia mzigo. Kama anayefikiria hivyo ni wewe unayesoma hapa, mwambie mtu mmoja unayemuamini leo hii, au nenda kituo cha afya, usikae peke yako na hilo wazo.