Kabla ya Kuvuta Boti, Fungua Kitabu cha Gari

Kila tunaposimamisha gari linalovuta boti tunauliza swali moja: gari lako linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi? Jibu ni lilelile. "Afande, hii ni CC 3000." Hatujauliza CC, yaani ukubwa wa injini.

Malalamiko ya kuzuiwa njiani yamekuwa mengi, hasa kwa wanaotoa boti za faiba Dar es Salaam kuzipeleka Mwanza, hivyo ni vema tueleze tunachoangalia.

Uwezo wa kuvuta huamuliwa na fremu, breki, giaboksi na jinsi inavyopozwa. Injini ni sehemu tu ya hesabu. Mtengenezaji huandika kikomo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi huandika viwango viwili. Kwa trela lenye breki zake, Jimny ya sasa ni kilo 1,300, Prado 150 ya dizeli 3,000, Hilux ya dizeli ya 2.8 yenye foo wili 3,500. Kwa trela lisilo na breki, kikomo hushuka hadi kilo 750 au chini ya hapo. Wengi husoma kiwango cha kwanza wakati trela lao ni la aina ya pili. Kitabu kikiwa cha Kijapani, kitafsiriwe. Hilo si jukumu la mkaguzi.

Halafu kuna hesabu ya uzito wenyewe. Mwenye boti hutupa uzito aliotajiwa na fundi wa faiba, tuseme kilo 900. Ongeza injini ya farasi 40, kilo sabini na kitu. Petroli lita 150 inapita kilo 110. Trela lenyewe 400. Hapo nanga, kamba, nyavu na kasha la barafu havijaingia, na tayari unakaribia tani moja na nusu. Katika uzito huo, asilimia 5 hadi 10 ikalie mpira wa kuunganishia, lile tufe la chuma nyuma ya gari, yaani kilo 75 hadi 150. Ikipungua, trela litayumba mkia ukikimbia. Ikizidi, taa za mbele zitamulika miembe.

Mpira huo nao una vipimo. Kikombe cha trela cha inchi 2 kikiwekwa juu ya mpira wa inchi 1 na 7/8 kinaingia, kinafunga, hata mlio unausikia. Kinakuja kuchomoka kwenye tuta.

Kuhusu taratibu: trela lina usajili wake, namba yake, bima yake, taa zake za breki na za kuashiria. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016 inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo ukiwa na shaka ingia mizani ya Vigwaza, njiani ukitoka Dar es Salaam, upimwe. Mzigo ukizidi upana wa mita 2.65, kibali maalumu kinaombwa kabla ya safari, si mbele ya askari. Faini ya barabarani ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, na trela bila taa na trela bila namba ni makosa mawili. Usipolipa ndani ya siku saba, inaongezeka asilimia 25. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa. Narudia: kwa namba ya malipo.

Kushusha boti ndiko kunakoumbua magari. Gari linarudi nyuma dikoni, pua juu, uzito wote umelalia nyuma. Kama linavutwa na magurudumu ya mbele, yatazunguka tu wakati wa kupanda, moshi wa tairi juu, wavuvi wakishangilia. Linalovutwa na ya nyuma lina uzito mahali pake, lakini tairi zimekanyaga mwani. Ndiyo maana tunashauri foo wili yenye gia nzito. Pwani, wakati wa bamvua, maji yakipwa utakuta zege limeishia kwenye tope, subiri yajae. Ziwa Victoria halipwi hivyo, ila mialo mingi ni mchanga, na mchanga una hila zake.

Ukitoka safari ndefu, usiingize trela majini papo hapo. Beringi za moto zikikutana na maji baridi huyavuta ndani, na zitakufia mbali na fundi. Ziache zipoe, chomoa waya wa taa, weka kabari kwenye magurudumu ya gari, handibreki juu, na mtu yeyote asisimame nyuma ya trela, hata utingo anayejua kazi. Ukitoka baharini, suuza breki na beringi kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Na kizibo cha chini ya boti kiwe kimefungwa kabla haijagusa maji. Tunalitaja hili kwa sababu tumeliona, tena kwa nahodha mwenye cheti.