Je, wajua kwa nini kipimo kikionyesha malaria, uchunguzi haujaisha?

Katika kaunti za kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, mtu akipandwa na homa, jirani huwa amekwisha kumwambia ni malaria kabla hajafika hospitalini, na mara nyingi kipimo cha tone la damu humuunga mkono jirani huyo. Hata hivyo, palipo na malaria nyingi, watu wengi hubeba vimelea bila kuugua, hivyo kipimo chaweza kusema kweli kuhusu vimelea huku kikiwa kimya kuhusu bakteria walioingia katika damu. Isitoshe, malaria humfanya mtoto ashambuliwe kwa urahisi na aina za bakteria wa salmonela zisizoleta taifodi, na magonjwa hayo mawili yakamkuta kwa pamoja.

Nyuma ya jibu hilo la malaria ndipo sepsisi hujificha, yaani hali ambayo mwili, katika kupigana na maambukizi, hupoteza mpangilio na kuanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Homa peke yake haitoshi kuitambua, kwani mzee au mtu mwenye kinga dhaifu huweza kuwa na sepsisi ilhali mwili wake ni baridi.

Kwa mtu mzima, mambo matatu hutia shaka: kupumua mara 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya kipimo cha presha kushuka hadi 100 au chini yake, na akili kuvurugika, kama vile mama kushindwa kumtambua mwanawe aliyemleta. Yakipatikana mawili, mgonjwa hastahili kuachwa kwenye foleni. Pumzi huongezeka kwa sababu tishu zilizoelemewa hutoa asidi ya laktiki, nayo mapafu hujitahidi kupunguza asidi hiyo kwa kutoa hewa ya kaboni. Nionavyo mimi, hesabu ya pumzi hupuuzwa kwa kuwa haina mashine, ingawa inadai saa ya mkononi tu na dakika nzima ya kutazama kifua.

Malaria kali nayo huharakisha pumzi. Kwa hiyo dalili hizi hueleza ukali wa ugonjwa, wala si chanzo chake. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria kali hupewa artesuneti, dawa ya malaria, pamoja na antibiotiki. Damu ya kuoteshea bakteria maabara hutolewa kwanza, lakini presha ikiwa imeporomoka, antibiotiki haipaswi kucheleweshwa kupita saa moja. Chanzo cha maambukizi nacho hushughulikiwa: jipu hupasuliwa, na kondo lililobaki tumboni huondolewa.

Suala gumu ni dripu. Mwongozo wa kimataifa hupendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu, yaani karibu lita 1.8 kwa mtu mzima wa kilo 60. Lakini utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48 kuliko wasiomiminiwa. Ilidhaniwa mapafu yalijaa maji. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vingi vya ziada vilitokana na kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu. Mwaka 2017, utafiti wa watu wazima wenye sepsisi nchini Zambia ulionyesha mwelekeo huohuo. Kwa hiyo, pasipo na mashine ya kupumulia, ni busara kutoa maji kwa mafungu, na baada ya kila fungu kusikiliza mapafu, kuhesabu pumzi upya na kupima mkojo, ambao kwa mgonjwa wa kilo 60 unatarajiwa kufika walau mililita 30 kwa saa.