Rangi nyeusi haichemshi injini ya pikipiki

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya waendesha pikipiki Uganda: pikipiki kubwa ya safari iliyopakwa nyeusi kila mahali injini yake huchemka juani, eti kromu, ule mpako wa chuma unaong'aa, huakisi joto la jua na kuipoza. Si kweli.

Joto la injini hutoka ndani, petroli inapoungua. Huondolewa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda (vile vibati vyembamba vinavyoizunguka), na oili, na kwa baadhi ya pikipiki, maji ya rejeta. Tena uso mweusi hutoa joto kwa mnururisho, yaani kwa miale, vizuri kuliko kromu inayong'aa. Kinachoharibu ni rangi nene iliyorundikwa juu ya mapezi, au tope la barabara ya murramu lililokauka katikati yake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu tangi na kiti cheusi, vikiegeshwa juani, kweli huunguza. Hilo ni jua juu ya uso tu. Halafu kuna kipimajoto cha infraredi, kinachopima joto bila kugusa kwa kusoma miale hiyo, ambacho ndicho hupotosha hata mafundi: kwa kuwa kromu hutoa miale kidogo, juu yake husoma chini kuliko joto halisi.

Ukitaka kuhakikisha, bandika utepe usiong'aa, unaostahimili joto, kwenye kifuniko cha injini cha kromu na kwenye cheusi. Endesha safari ileile, kisha pima juu ya utepe.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Muulize aliyeutuma alipima wapi: juu ya utepe, au juu ya kromu tupu?