Komyuniti koleji kwenda chuo kikuu Marekani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Nimeona niandike hili kwa kirefu maana ushauri unaozunguka kwenye magrupu yetu huku Marekani, ya Watanzania, Wakenya, ndugu zetu Wakongo na Warundi, mwingine ni mzuri kweli na mwingine unampotezea mtu miaka na hela. Naongelea ile njia ya kuanza komyuniti koleji miaka miwili alafu unahamia chuo kikuu cha miaka minne kumalizia digrii. Mimi njia hii naiamini sana, kwa familia zetu nyingi ndo njia yenye akili kuliko zote, na ndo maana inaniuma nikiona mtu anakwama kwa jambo ambalo angeambiwa semesta ya kwanza angelikwepa.

"Koleji ni ya waliofeli"

Hii tumetoka nayo nyumbani. Kule ukikosa pointi za kwenda fom faifu au ukikosa C+ ya KCSE unaelekezwa kwingine, so mzazi akisikia mtoto yuko koleji moyo unamdunda, anaona aibu hata kuwaambia watu wa kanisani au msikitini. Huku mambo sio hivyo. Koleji ya umma ya zamani kuliko zote, Joliet iliyoko Illinois, ilianzishwa 1901 kwa lengo hilo hilo, vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. California wao mwaka 1960 waliiweka kabisa kwenye mpango wa jimbo kwamba mtu aanzie koleji alafu ahamie chuo kikuu, na leo wana koleji za aina hiyo 116.

Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha Space Shuttle mwaka 1999, alianzia Corning Community College kule New York ndo akahamia Syracuse. Na cheti chako cha digrii kitaandikwa jina la chuo kikuu ulichomalizia, koleji haitajwi popote pale, so hiyo hofu ya "watu watajua" iondoeni.

"Ukishamaliza koleji krediti zote zinahama zenyewe"

Hapa ndo penyewe, naomba msome taratibu. Krediti ni zile pointi unazopata kwa kila somo ulilofaulu, ndo zinazojumlishwa mpaka digrii.

Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti ikakadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hiyo ni wastani wa kuhama kwa kila aina, na waliotoka vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida ndo waliumia zaidi, lakini hata wa koleji za umma walipoteza. Na watafiti wa huku wamekuwa wakionyesha picha ile ile miaka nenda rudi, kati ya watu 100 wanaoanza koleji kama 80 wanasema wanataka kufika digrii, wanaohama kweli ni kama theluthi, na wanaoishika digrii ndani ya miaka sita ni kama 16 tu. Sio kwamba hao wengine hawana akili, wengi wanaishiwa hela, wanabanwa na kazi na watoto, na wengi wanachoshwa na kuambiwa rudia hili, ongeza lile.

Sasa krediti zinapoteaje? Kuna tofauti kubwa kati ya krediti *kupokelewa* na krediti *kuhesabiwa kwenye digrii yako*. Chuo kinaweza kukuandikia barua nzuri kabisa kwamba tumepokea krediti zako 60, unafurahi, unapiga simu nyumbani, alafu unakaa na advaiza wa idara unakuta 20 zimewekwa kwenye fungu la masomo ya hiari ambayo digrii yako haina nafasi nayo. Mfano ulio wazi ni hesabu. Mtu anataka uhandisi, koleji kachukua takwimu na aljebra maana ni rahisi na zinatimiza sharti la hesabu la koleji, kumbe uhandisi unataka kalkulasi, na kalkulasi ni ngazi, huwezi kuruka ya kwanza uende ya tatu, na fizikia nayo inaisubiri kalkulasi, so hapo hapo umeongeza mwaka mzima ingawa hakuna krediti iliyokataliwa hata moja.

La pili ni aina ya asosieti, ile digrii ya miaka miwili unayopewa koleji, na hili linawapata sana watu wetu kwa sababu tunapenda kitu chenye kazi haraka. AA (ya sanaa) na AS (ya sayansi) kwa kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya kuhama. AAS imetengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini, masomo yake mengi ya ufundi chuo kikuu hakiyahesabu isipokuwa pawe na makubaliano maalum. AAS sio mbaya, kuna watu inawapa mshahara mzuri tu, lakini kama lengo lako ni digrii uliza ni AA, AS au AAS kabla hujajiandikisha, sio siku ya mahafali.

Kuna madarasa ya Kiingereza kwa wageni na yale ya hesabu za kujikumbusha. Mengi yake hayana krediti ya digrii, ila yanakula muda na yanakula msaada wako wa ada. Kama unaweza kufanya mtihani wa kupangwa darasa vizuri, jiandae siku kadhaa kabla, usiende umechoka umetoka shifti ya usiku ukajibu jibu tu. California walipitisha sheria 2017 inayozitaka koleji ziwaweke wengi moja kwa moja kwenye darasa la Kiingereza na hesabu linalohama, majimbo mengine bado inategemea. Na alama: vyuo vingi vinataka C au zaidi ndo somo lihame, D ya koleji inaweza kuishia hapo hapo koleji.

Dawa yake ni moja, chagua chuo unachokwenda na fani yake *kabla* ya kuchagua masomo ya koleji. Najua inasikika kinyume, kijana wa miaka 18 anajuaje? Basi chagua viwili vitatu vinavyofanana, alafu fungua ukurasa wa chuo kikuu, sio wa koleji peke yake, uangalie mwaka wa kwanza na wa pili wanataka nini. California kuna tovuti ya ASSIST, unaweka jina la koleji na jina la chuo inakuonyesha somo kwa somo. Texas, ukimaliza ile kori yao, yaani masomo ya msingi, ya krediti 42 yote, chuo cha umma cha jimbo kinaipokea nzima badala ya kori yake, ukiondoka katikati wanaangalia moja moja. Minnesota wana mpango wao wa krediti 40 unaokubalika kwenye vyuo vya umma vya jimbo. Walioko Virginia ya kaskazini waulizie ADVANCE, mpango wa koleji ya NOVA na chuo kikuu cha George Mason. Ukivuka mpaka wa jimbo au ukienda chuo binafsi makubaliano hayo hayawabani, hapo unaomba barua pepe ya maandishi. Na silabasi za kila somo zitunze, zile kurasa za mwalimu anazotoa wiki ya kwanza, maana somo likikataliwa unaweza kukata rufaa na silabasi ndo ushahidi wako.

"Ukiwa na asosieti chuo lazima kikupokee"

Nusu kweli. Florida, mwenye AA ya koleji ya umma anahakikishiwa nafasi kwenye mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo, *mojawapo*, sio kile unachokitaka wewe, na fani zenye ushindani kama uuguzi zina mlango wao. California asosieti maalum ya kuhamia, iliyoanza na sheria ya 2010, inakuhakikishia nafasi kwenye Cal State, mmoja wa mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Kwa UC, mfumo ule mwingine wa University of California, kuna makubaliano ya kuhakikishiwa nafasi yanayoitwa TAG, yanayotolewa na kampasi sita, Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, na unaruhusiwa kuomba moja tu, mwezi wa tisa, mwaka mzima kabla ya kuingia. Berkeley, UCLA na San Diego hawamo. Kwahiyo mtu anayekuambia "nimehakikishiwa UCLA" muulize karatasi iko wapi.

"Vyuo vikubwa havigusi watu wa koleji"

UCLA kwa miaka ya karibuni inapokea kama robo ya wanaoomba kuhamia, wakati wanaoomba kutoka sekondari wanaopita ni chini ya asilimia 10, na hao wanaohamia zaidi ya asilimia 90 wametoka koleji za California. Princeton walikuwa wameufunga mlango wa kuhamia tangu 1990, wakaufungua tena 2018. Inatosha hapo.

"GPA inaanza upya so koleji pita pita tu"

Ni kweli vyuo vingi vinahamisha krediti bila alama, GPA yako, yaani wastani wa alama, ya chuo kipya inaanza sifuri. Lakini hiyo ya koleji ndo iliyokuingiza, ndo inayoangaliwa na skolashipu za wanaohama, na ndo kigezo cha kuitwa Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi wa koleji wanaofanya vizuri, ambayo uanachama wake unafungua skolashipu kwenye vyuo vingi. Na anayeota udaktari ajue kwamba maombi ya shule za tiba yanahesabu kila somo ulilowahi kuchukua popote, koleji ikiwemo.

Alafu jiandae kisaikolojia, semesta ya kwanza baada ya kuhama alama za wengi zinashuka kidogo. Darasa lilikuwa la watu 25 sasa ni ukumbi wa 300, mwalimu hakujui jina. Usichukue masomo manne magumu kwa mpigo semesta hiyo, na tafadhali usiongeze masaa ya kazi.

"FAFSA inakufuata"

FAFSA ni fomu ya kuombea msaada wa ada wa serikali kuu, na haikufuati. Kila chuo kinapanga msaada wake, so unaingia kwenye FAFSA yako unaongeza namba (code) ya chuo kipya mapema, na skolashipu ya koleji inabaki koleji. Na Pell Grant, ule msaada wa serikali usiorudishwa, ina kikomo cha maisha, sawa na semesta 12 za wakati wote. Mtu aliyekaa koleji semesta nane akibadilisha badilisha fani anafika chuo kikuu kabakiza nne, pale ambapo ada imepanda. Mwaka wa masomo 2024–25 wastani wa ada ya koleji ya umma kwa mkazi ulikuwa dola 4,050, chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo dola 11,610, hapo hujaweka chumba na chakula. Faida ya koleji iko kwenye hiyo tofauti, na inayeyuka kila unaporudia somo.

"Mwenye visa ya F-1 haruhusiwi" au "akifika atajilipia kwa kufanya kazi"

Hizi mbili naziweka pamoja maana zinawaumiza ndugu walioko nyumbani wanaojipanga kuja. Kwanza, mwenye F-1, yaani visa ya mwanafunzi, anaruhusiwa kusoma koleji. Koleji nyingi zinatoa I-20, ile fomu ya kuombea visa ya mwanafunzi, na ukimaliza rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inahamishwa kwenda chuo kikuu, unakubaliana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni tarehe ya kuiachia, na pengo kati ya kutoka na kuanza lisizidi miezi mitano. Kabla chuo kipya hakijakupokea usiombe rekodi iachiwe. Kila semesta unabeba krediti 12 zisizopungua, na darasa la mtandaoni linalohesabika ni moja tu.

Pili, wale mawakala wanaowaambia wazazi "lipa semesta ya kwanza tu, akifika atafanya kazi" hawasemi ukweli. Mwaka wa kwanza kazi ni ndani ya kampasi pekee, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ada ya mgeni hata koleji ni mara kadhaa ya ada ya mkazi. FAFSA hana. Akienda kuosha vyombo mgahawani kwa siri akashikwa, hadhi ya visa imekwenda na digrii imekwenda nayo. Familia ikae chini ipige hesabu ya miaka yote minne, ya koleji na ya chuo kikuu, kabla ya kuuza kiwanja.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui, OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kumaliza, inatolewa miezi 12 kwa kila ngazi mpya, so mtu anaweza kuwa nayo baada ya asosieti na tena baada ya digrii. Ile nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi na teknolojia ni ya wenye digrii na kuendelea. Ukiitumia ya asosieti uwe umeshaongea na ofisi ya wageni ya pande zote mbili kuhusu tarehe, maana ukihamisha rekodi katikati, ruhusa hiyo inakatika siku hiyo hiyo.