Mgongo si tairi

Wiki hii tena. Mama wa makamo kaingia kashikwa mkono na binti yake, hata hajakaa kaniambia: "Mwanangu, mgongo umeisha. Ndoo nilizobeba tangu usichana zimeumaliza." Kalala wiki tatu. Aliyemshauri alale ni mtu wa afya kama mimi, na hapo ndipo ninapoumia.

Tairi likilika halijirudishi. Misuli na mifupa hujengeka kwa kazi na hunyong'onyea kwa kulala. Mwaka 1986 huko Marekani, wagonjwa 203 wa mgongo waligawanywa: wengine walale siku 2, wengine siku 7. Wa siku 2 walikosa siku za kazi pungufu kwa asilimia 45, na nafuu ya maumivu ikawa ile ile. Mwaka 1995 Finland ikaonyesha kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani. Miaka yote hiyo, na bado tunawalaza watu!

Sasa picha. Mama alikumbatia bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, kama hati ya kiwanja. "Diski zimechakaa," kaambiwa, "pingili zinasagana." Diski ni vile vimto laini kati ya pingili, yaani vifupa vya uti wa mgongo. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao zilionekana zimechakaa; wenye miaka 50, asilimia 80. Wazima hao! Mvi hatuziiti ugonjwa. Lakini mtu akishaambiwa pingili zinasagana, haokoti tena hata kiatu chake. Neno hilo atalibeba miaka, na ni zito kuliko ndoo yoyote. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa wengi, hata tukipima vipi, hatuwezi kuonyesha kwa kidole kinachouma. Mimi huwaambia hivyo hivyo.

Mkojo ukigoma au ukitoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu ghafla, homa, kukonda bila sababu, au maumivu baada ya kuanguka: hospitali leo hii, usisome tena.

Sisemi mizigo haina neno. Kuinua vizito kila siku huku umeinama kunaongeza uwezekano wa kuumwa. Ila ile "kunja magoti, nyoosha mgongo" niliyofundisha kwa miaka, tafiti hazijaonyesha kwamba mafunzo yake yanazuia maumivu. Nayafundisha kwa kusita siku hizi.

Mama nilimwanzishia kutembea hadi getini na kurudi, mara tatu kwa siku, kisha kidumu cha lita 5. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Walipokuwa wanaondoka binti akabaki nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye naye kiuno kinamuuma, tangu aanze kumgeuza mama yake usiku. Hakutaka mama asikie. Jumatatu nimewaita wote wawili.