Ukoo wa Warenne: jina lilibaki, damu ya upande wa baba ikabadilika

Jina Warren halitoshi kuwa ushahidi wa nasaba ya de Warenne, ukoo wa makabaila wa Uingereza. Wengine walilipata kwa kuishi tu karibu na mashamba ya kufugia sungura. Hata wenye de Warenne halisi wana mafundo mawili katika shajara ya ukoo wao.

Chimbuko ni Varenne, mto wa Normandia huko Ufaransa, penye ngome ya Bellencombre. William de Warenne alipigana Hastings mwaka 1066, vita ambavyo Wanormandi waliiteka Uingereza, akagawiwa Lewes huko Sussex, Castle Acre huko Norfolk na Conisbrough huko Yorkshire. Mwaka 1088 alipewa cheo cha kikabaila cha Earl wa Surrey, akafa mwaka huohuo.

Fundo la kwanza ni mkewe, Gundrada, aliyefariki mwaka 1085 akijifungua. Shajara nyingi za ukoo za zamani humwita binti wa Mfalme William Mshindi, kiongozi wa Wanormandi hao. Sivyo, alikuwa dada wa Gerbod, Mflemi (mtu wa Flanders). Askofu Mkuu Anselm alimkataza Mfalme Henry I, mwana wa Mshindi, kumwoza bintiye kwa mtoto wa Gundrada, akitaja undugu wa kizazi cha nne upande mmoja na cha sita upande wa pili. Kama Gundrada angekuwa dada wa Henry, bibi harusi angekuwa mtoto wa mjomba wa bwana harusi. Nani tena angehesabu hadi kizazi cha sita?

Mifupa ya William de Warenne na Gundrada ilifukuliwa mwaka 1845, reli ilipopitishwa kwenye magofu ya monasteri waliyoianzisha Lewes. Ilikuwa ndani ya visanduku vya madini ya risasi visivyofika mita 1, majina yamechorwa juu. Kwa udogo ule, ni dhahiri ilizikwa upya, miili ikiwa imeshaoza.

Fundo la pili ndilo huwaangusha wengi. Earl wa tatu alifia katika Vita vya Msalaba mwaka 1148, akaacha binti mmoja tu, Isabel. Mume wake wa pili, Hamelin, alikuwa ndugu wa baba mmoja wa Mfalme Henry II, na ndiye aliyechukua jina la mkewe. Basi Warenne wote waliorithi cheo baada yao, kwa upande wa baba, ni uzao wa baba huyo, Geoffrey wa Anjou.

Earl wa mwisho wa ukoo huu, John, alikufa mwaka 1347 bila mtoto wa ndoa. Mali nyingi zikaenda kwa mpwa wake, Richard FitzAlan wa Arundel. Miraba ya buluu na dhahabu ya nembo ya Warenne ingali katika nembo ya Duke wa Norfolk, imefika huko kupitia kina mama.