Si kweli kwamba Ghana haina tembo

Ujumbe huu unarudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: usipoteze nauli kwenda kutalii Ghana, kwa sababu Afrika Magharibi hakuna tembo wala wanyamapori wengine, wote waliisha zamani.

Si kweli. Kaskazini mwa Ghana iko Hifadhi ya Taifa ya Mole, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 4,800. Humo wamo tembo, nyani, ngiri, mamba, swala wa aina mbalimbali na ndege wa aina zaidi ya 300. Mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiongozwa na askari mwenye bunduki, jambo ambalo hata sisi tuliozoea Serengeti hatulipati kirahisi. Kiangazi, tembo huja kunywa na kuoga kwenye mabwawa, na hapo huonekana vizuri.

Mkanganyiko unaeleweka. Wengi huishia kusini, kwenye msitu wa Kakum, wakapita juu ya madaraja ya kamba na kurudi bila kuona mnyama mkubwa. Tembo wamo hata humo, ila msitu mnene huwaficha. Na ni kweli kwamba ujangili umepunguza sana wanyama wa Afrika Magharibi. Simba wamebaki wachache mno. Lakini wachache si sawa na hakuna.

Kuhakikisha ni rahisi: tafuta "Mole" kwenye ramani ya mtandaoni, utazame picha za wageni na tarehe zake. Ukitumiwa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Unawakosesha waongozaji watalii na wanakijiji wa huko wageni wao, na hifadhi isiyo na wageni hukosa pesa za kulinda hao tembo waliobaki.